Kinyozi wa Mawe

Jumatatu, 10 Machi
Joto 26. Chumvi: mshale katikati. Samaki: yupo.

Hapo juu ndivyo alivyoniagiza baba mkwe. Vitu vitatu kila siku, joto la maji, mshale wa kipimo cha chumvi na samaki, tarehe juu yake, "na usiniandikie porojo humu, Bwana Mipango." Bwana Mipango ni mimi. Jina alinipa siku nilipokuja kuposa, nikamweleza mipango yangu tisa, akaniuliza ipi inaniletea chakula leo. Lakini daftari lenyewe ni nene kama tofali. Nikijaza vitu vitatu tu nitalimaliza nikiwa babu. Porojo zitakuwepo.

Ameondoka leo asubuhi kwenda kufanyiwa upasuaji wa nyonga, na atakaa huko huko mpaka ajifunze kutembea upya. Miezi miwili. Mimi na mke wangu tumehamia huku ukweni ili mama mkwe asikae peke yake. Ndiyo, mwanaume mzima nimehamia ukweni na begi langu la miamvuli ya kuuza. Wacha wacheke.

Kazi niliyoachiwa ni tangi. Liko sebuleni, refu kuliko kochi, limejaa maji ya chumvi na mawe, na ndani yake anaishi samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mistari mitatu myeupe. Anaitwa Mwenyekiti kwa sababu ana jiwe lake, haliachi, na ukiingiza mkono anakuuma. Ana miaka kumi na tisa. Mke wangu alikuwa msichana mdogo wa shule samaki huyu alipoletwa. Baba mkwe alikuwa mkaguzi wa mizani madukani maisha yake yote, mtu wa vipimo, na sijawahi kumwona akicheka na mtu jinsi anavyocheka na huyo samaki.

Mbele ya watu wote alisema: "Wewe utapima, utaandika, utaongeza maji yakipungua. Mambo ya kulisha nimeshayapanga." Halafu akanivuta nyuma ya mlango wa stoo. Akaninong'oneza:

"Sikiliza. Kulisha nakuachia wewe peke yako. Kijiko hiki, kimoja, saa saba mchana. Usimwambie mtu. Humu ndani kila mtu ana huruma, watamzidishia."

Akanipa kikopo cha chakula na kijiko kidogo cha plastiki, kile cha dawa ya kikohozi. Miaka saba nimemwoa binti yake, hajawahi kuniachia hata ufunguo wa geti. Nikamwambia, "Nakuahidi, baba, ukirudi utamkuta." Akasema, "Usiniahidi. Pima."

Jumanne, 11 Machi
Joto 26. Chumvi katikati. Yupo. Nimemlisha saa saba kamili, mama akiwa jikoni. Nimejisikia mwizi mwema.

Ijumaa, 14 Machi
Joto 26. Chumvi katikati. Yupo, kaniuma kidole.
Mvua imeanza! Nimeuza miamvuli kumi na mmoja kabla ya saa nne. Mvua hii ni ndugu yangu wa damu.

Jumatatu, 17 Machi
Joto 27. Mshale umepanda kidogo.

Maji yakipungua chumvi inabaki, kwa hiyo unaongeza maji matupu. Baba mkwe ameacha madumu ya maji yaliyochujwa, yanajazwa kwenye duka la matangi, kule mbali, na dumu moja ni zito kama deni. Nikatazama nje. Maji yanamwagika bure kutoka juu ya bati! Nikaweka ndoo chini ya mfereji, ndoo mbili dakika kumi, nikamimina ndani. Mshale umerudi katikati. Mtu amesoma mpaka darasa la tano lakini akili inachemka.

Alhamisi, 20 Machi
26. Katikati. Yupo.

Jumapili, 23 Machi
26. Katikati. Yupo.
Baba mkwe amepiga simu. Upasuaji umekwenda vizuri. Swali lake la kwanza: "Mwenyekiti anaendeleaje?" La pili lilikuwa kuhusu mshale wa chumvi. Mama akakaa anasubiri lake kama mtu aliye kwenye foleni ya benki. Alipokata simu mama akasema, "Miaka arobaini na mmoja ya ndoa. Natanguliwa na samaki, halafu na chumvi."

Jumatano, 26 Machi
26. Katikati. Yupo.
Jiwe la Mwenyekiti limeota kitu cha kijani, kama kidevu cha kijana anayejaribu kufuga ndevu. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 29 Machi
Joto 26. Chumvi katikati. Yupo, ila ananitazama vibaya.

Si kidevu tena, ni ndevu. Mawe manne yana ndevu. Nyuzi za kijani ndefu kama kidole, zinapepea pampu ikipuliza. Leo nimenunua mswaki mgumu, nimekunja mikono, nimenyoa. Jiwe moja moja, kwa heshima, nikimuuliza kila mmoja, "Kaka, nipunguze au niondoe zote?" Mwenyekiti ameniuma mara sita. Nilizonyoa nikazivuta kwa mpira wa maji, nikazimwaga nje. Maji yakawa kama chai ya majani mabichi, halafu jioni yakatulia. Safi. Mke wangu akasema, "Kinyozi wa mawe. Hiyo kazi hata baba yako hakuiota."

Jumanne, 1 Aprili
26. Katikati. Yupo. Ndevu zimerudi.

Jumatano, 2 Aprili
Nimenyoa.

Ijumaa, 4 Aprili
Zimerudi na ndugu zao. Sasa na kioo kina ukoko wa kahawia. Nimenyoa tena. Mama amekuta miswaki mitano imepangwa kwenye beseni, akauliza, "Mwanangu, kuna wageni wanakuja?"

Jumapili, 6 Aprili
26. Katikati. Yupo.

Simu. "Mwenyekiti?" Nikasema mzima. Ni kweli. "Maji?" Nikasema yanang'aa, baba, ungeyaona ungeyanywa. Nilikuwa nimesimama mbele ya tangi nikimwambia hivyo, na Mwenyekiti simwoni kwa ndevu. Mke wangu alikuwa ananitazama. Mama alikuwa ananitazama.  Nikajua na wao wanaogopa kama mimi. Mtu anajifunza kusimama kwa mguu mmoja kule, utamwambiaje samaki wake anazama kwenye nyasi?

Jumanne, 8 Aprili
Joto 27. Chumvi katikati. YUPO. (Nimeangalia kwa tochi.)

Nimekwenda duka la matangi. Mwenye duka ni dada mmoja mnene, mpole, ana tabia ya kugonga kioo kwa kucha akifikiri. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akagonga.

"Kaka, huo ni mwani. Mwani hauji bila kualikwa. Unakula nini?"

"Mimi?"

"Mwani! Una chakula humo ndani. Unamlisha samaki kiasi gani?"

Nikaangalia nyuma yangu kama kuna mtu. Nikamnong'oneza: "Kijiko kimoja cha dawa ya kikohozi. Kwa siku. Sizidishi hata punje."

"Mh. Hicho ndicho kipimo chake. Taa unawasha saa ngapi?"

"Tangu asubuhi mpaka tunalala. Mama anapenda kumwona."

"Ziwake saa sita tu kwa siku. Maji ya kuongeza unatoa wapi?"

Nikamwambia habari ya mfereji, tena kwa majivuno. Yule dada akaacha kugonga.

"Juu ya bati? Bati lenye vumbi, na majani, na ndege wanafanya haja zao? Kaka, hapo umeumwagia mwani mbolea kwa ndoo."

Nimerudi na madumu mawili, bega linaniuma, na konokono kumi na wawili kwenye mfuko wa maji. Konokono wanakula ndevu. Na habari moja kubwa: yule dada alivyomwona Mwenyekiti kwenye picha akasema samaki wa aina hii akiwa mkubwa hivi na mzee hivi ni jike. Nimemwambia mama. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Kumbe miaka kumi na tisa nina mke mwenza sebuleni."

Alhamisi, 10 Aprili
26. Katikati. Yupo, sasa tunasema jike lipo. Konokono wanafanya kazi kama wameajiriwa leo.

Jumapili, 13 Aprili
Nyoa. Badilisha maji. Taa saa sita. Maji ya dumu. Nimefanya kila nilichoambiwa na ndevu zimepungua labda robo. Kuna kitu kinazilisha, sijui nini. Simu imepigwa. "Maji?" "Yanang'aa, baba." Huo ni uongo wa pili. Akasema, "Vizuri," halafu akasema leo ametembea hatua nne. Hatua nne, na mimi namdanganya.

Nikikumbuka kwamba daftari hili atalisoma, nataka kung'oa kurasa. Lakini alizihesabu kabla ya kuondoka. Namjua.

Jumatano, 16 Aprili
Joto: limeshuka, 24. Chumvi: sijapima. Samaki: soma.

Mvua imeanza alfajiri na upepo, na saa mbili asubuhi umeme umekatika. Nguzo imelala katikati ya barabara, tumeiona kutoka dirishani. Mke wangu karakana yao ya kushona imefungwa kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo leo tulikuwa nyumbani wote watatu, jambo ambalo halijatokea siku ya kazi tangu tuhamie.

Mwanzoni sikufikiria tangi. Nilikuwa nafikiria miamvuli. Mama ndiye aliyeita: "Mwanangu, njoo. Mke mwenza anahema."

Mwenyekiti alikuwa ameliacha jiwe lake. Miaka kumi na tisa haliachi, leo ameliacha. Alikuwa juu kabisa, amelala ubavu kidogo, mdomo unafunguka na kufunga kwenye usawa wa maji. Nikampigia dada wa matangi. Akapokea, sauti ya mvua kila upande.

"Pampu imezima, kwa hiyo hewa haiingii. Na huo mwani wako, kwenye giza, unavuta hewa ile ile anayovuta samaki. Wanagombania. Chota maji kwa jagi, yainue juu, yamwage yapige mapovu. Usiache."

"Mpaka lini?"

"Mpaka umeme urudi, kaka. Kwani una mpango mwingine?"

Bwana Mipango hana mpango mwingine. Nikachota. Unachota, unainua mpaka usawa wa uso, unamwaga, unachota. Jagi mia moja mkono unakuwa si wako. Mke wangu akaniondoa: "Sogea, unamwaga kama unaoga." Yeye alimwaga vizuri zaidi, juu zaidi, mapovu mengi. Halafu mama, amekaa kwenye kiti, na kikombe chake kikubwa cha chai. Tukapeana zamu. Saa nne. Saa sita. Sebule yote imelowa, zulia linalia chini ya miguu. Tunachota, tunaongea. Mama akasimulia siku baba mkwe alivyomleta huyo samaki, kwenye mfuko, amemficha ndani ya koti asipate baridi, na yeye mwenyewe ametota mpaka soksi. "Nikamwambia, siku moja ungenibeba mimi hivyo." Mke wangu akacheka mpaka akamwaga jagi mguuni kwangu.

Samaki alitulia kidogo. Hakurudi kwenye jiwe lakini alisimama wima.

Saa saba ilipofika kijiko kiliniwasha mfukoni. Nikasema moyoni hapana, mgonjwa hali. Kumbe ndiyo ilikuwa akili yangu ya kwanza tangu Machi.

Saa kumi kamili mama akaweka kikombe chini. "Nipisheni kidogo hapa. Nendeni mkanywe maji."

"Mama, hatuna kiu."

"Nendeni tu, wanangu. Dakika moja."

Mke wangu akamtazama. "Mama, mkononi una nini?"

"Sina kitu."

"Mama."

Akafungua mkono. Kijiko kidogo cha plastiki. Cha dawa ya kikohozi.

Nadhani moyo wangu ulisimama kama pampu. Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa changu. Mke wangu akatazama changu, akatazama cha mama yake, akaenda kwenye mkoba wake unaoning'inia mlangoni, akarudi na cha kwake. Vitatu, sawasawa, tukaviweka mezani. Maji yakawa yanatudondoka tu.

"Aliniambia mimi peke yangu," mama akasema. "Chumbani. Saa kumi jioni."

"Mimi jikoni," mke wangu akasema. "Kila asubuhi kabla sijaenda kazini. Akasema nisimwambie mtu, hasa nyie."

"Mimi nyuma ya mlango wa stoo," nikasema.

Kijiko kimoja, mara tatu. Siku thelathini na saba. Ndevu zilikuwa zinakula kwetu, kila mtu na zamu yake.

Mama alianza kucheka yeye wa kwanza, bila sauti, mabega tu. Mke wangu akafuata. Mimi nilichelewa. Niseme kweli kwa kuwa daftari ni langu: kiliniuma. Nilikuwa nimebeba kile kijiko mfukoni kama cheti. Nilikuwa nauza miamvuli huku nakigusa. Kumbe vyeti vilitolewa kwa nyumba nzima.

"Nani anachota?" mama akasema ghafla. Tukaruka wote watatu kwenye tangi.

Umeme umerudi saa kumi na moja na nusu. Pampu ikakohoa, ikaguna, ikaanza. Mwenyekiti alikaa dakika kama kumi anapigwa na mapovu. Halafu akageuka, akashuka, akaingia nyuma ya jiwe lake. Mama akasema, "Haya, bi mdogo. Karibu nyumbani." Na akalia kidogo, kwa kitambaa cha kufutia vumbi.

Samaki: yupo.

Alhamisi, 17 Aprili
24, inapanda. Katikati. Yupo. Mikono yangu haipo.

Jumapili, 20 Aprili
26. Katikati. Yupo.

Simu ilipolia tukaiweka spika, mezani, katikati ya vijiko vitatu. "Mwenyekiti?"

"Mzima," mama akasema. "Sisi tunataka kuuliza habari ya vijiko."

 Baba mkwe akashusha sauti kama mwenye duka aliyekutwa na jiwe la mizani lililochongwa ili apunje wateja.

"Vingapi vimeonekana?" akauliza.

"Vyote."

Akapumua. "Mizani haipimwi kwa jiwe moja. Unapima mara tatu. Nilijua wawili mtasahau, au mtachoka, mmoja atabaki. Sikutegemea..." Akakohoa. "Sikutegemea mtakuwa waaminifu wote."

Hapo nikamwambia kuhusu ndevu. Yote: mfereji, miswaki, yale maji niliyosema yanang'aa. Nikasubiri anichambue. Akasema, "Nyoa taratibu. Usimshtue." Halafu akamuuliza mama kama analala vizuri. Mama akatutazama, akaichukua simu, akaenda nayo chumbani, akafunga mlango.

Jumatatu, 21 Aprili
Kikao. Nani abaki na kijiko? Hakuna anayetaka kuachia. Tumekubaliana zamu: leo mama, kesho mke wangu, keshokutwa mimi. Kijiko kimoja, saa saba, wengine wanashuhudia. Dada wa matangi amesema hata samaki akikosa kula siku moja hafi, amenenepa kuliko yeye dada mwenyewe.

Ijumaa, 25 Aprili
26. Katikati. Yupo. Nimenyoa, na mara hii hazijarudi siku ya pili.

Alhamisi, 1 Mei
Ndevu zinapauka, zinakatika zenyewe. Konokono mmoja amepanda kioo chote na kuacha njia safi nyuma yake kama mtu aliyepiga deki. Nimempigia makofi.

Jumanne, 6 Mei
26. Katikati. Yupo. Mvua zinakatika. Miamvuli haitoki. Nina mpango wa kofia za jua. Ni wa kumi.

Jumapili, 11 Mei
Kioo kinaonyesha ukuta wa nyuma! Mama amekaa mbele yake mchana kutwa. Alikuwa anamweleza Mwenyekiti kwamba bwana wao anarudi Jumamosi na ajiandae.

Jumamosi, 17 Mei
26. Katikati. Yupo.

Amerudi. Amekonda, ana mkongojo, anatembea kama anapima chumba. Hakukaa. Alisimama mbele ya tangi, akavaa miwani, akavua, akavaa. Mwenyekiti alitoka kwenye jiwe, akaja mpaka kwenye kioo, akabaki anatingisha mkia hapo hapo alipo. Baba mkwe akaweka kidole juu ya kioo. Sisi tulikuwa nyuma yake kama wanafunzi.

"Nimeambiwa wewe ni mwanamke," akamwambia.

Halafu akageuka. "Daftari."

Nikampa. Akaenda nalo chumbani. Nimeandika hii kwenye karatasi ya mfuko, nitaibandika.

Jumapili, 18 Mei
Bado analisoma. Mara moja nimesikia kicheko kupitia mlangoni. Mke wangu anasema ni kikohozi.

(Chini yake, kwa wino mwekundu, mwandiko mwingine ulionyooka.)

Jumatatu, 19 Mei
Imekaguliwa.
Joto 26. Chumvi: mshale katikati. Samaki: yupo.
Porojo: zimezidi kipimo.
Tarehe 6 na 13 Aprili mkaguzi alidanganywa. Aliyedanganya ameandika mwenyewe, kwa hiyo nimeacha kama ilivyo.
Tarehe 2, 4, 13 na 21 Aprili, na 1 na 11 Mei, joto na chumvi havikujazwa. Kuna tarehe nyingine nyingi zilizorukwa. Isirudiwe.
Jiwe la nyuma, upande wa kushoto, bado lina ndevu. Zinyolewe.
Vijiko viwili nimevivunja. Cha tatu nimekiweka kwenye mfuko wa shati lako, lile la bluu, linaloning'inia. Safari hii nimekiweka mbele ya watu wote. Mama yako amekubali. Anasema sasa ana mimi wa kulisha.
Saa saba mchana. Usichelewe, mwanangu.